Mgeni siku ya tatu mpe jembe. Na redio je?

(Mazungumzo haya yalisomwa kwanza redioni. Tunayachapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakubahatika kuyasikia.)



Mzee mmoja wa Ujiji alinisimamisha juzi pale Mwanga, akanishika mkono kama mtu anayedai deni lake. "Mwanangu," akasema, "wewe ni mtu wa redio, hebu niambie. Nyumbani kwangu nina mpangaji, kijana wa Kirundi, anauza maandazi. Kila alfajiri anafungulia redio ya kwao kwenye simu, inasema lugha ya kwao mpaka jua linachomoza. Hivi hilo linaruhusiwa? Hapa si Tanzania?"

Nikamwuliza kama anaelewa kinachosemwa. Akacheka. "Naelewa vizuri sana. Mimi ni Muha, bwana. Wanasema habari za bei ya maharage na nani kafa." Sasa kinachokuudhi ni nini, mzee wangu? Hapo alikaa kimya kidogo, kisha akajibu: "Angekuwa anazungumza na mwenzake nisingejali. Lakini redio ni kitu cha wenye nchi."

Neno hilo nimelala nalo siku tatu. Redio ni kitu cha wenye nchi. Leo naomba tulijadili, maana hakuna mkoa unaojua habari za kupokea wageni kuliko huu wetu wa Kigoma, na jirani zetu wa Ngara, mkoani Kagera, ndiko ilikozaliwa redio iliyothubutu kusema na wageni hao kwa lugha yao wenyewe.

Kwanza tumtendee haki mzee. Mawazo yake hayakutoka hewani. Redio katika nchi hii ilizaliwa mikononi mwa dola na ikakulia humo. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, wakati wa mkoloni. Ikaja kuwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Hadi Bunge lilipopitisha Sheria ya Huduma za Utangazaji mwaka 1993, Tanzania Bara haikuwa na redio ya mtu binafsi hata moja. Radio One na Radio Tumaini zilianza mwaka uliofuata, 1994. Kabla ya hapo, ukisema "redio imesema," kila mtu alijua ni redio gani.

Na redio hiyo ilisema Kiswahili. Nchi yenye makabila zaidi ya 120 ilikaa mezani saa moja, ikasikiliza taarifa ile ile ya habari, Muha wa Kasulu sawa na Mmakonde wa Newala. Halikuwa kosa. Ni moja ya mambo yaliyotufanya tuwe taifa, na mimi niliyelelewa na sauti za watangazaji wale nitakuwa wa mwisho kulibeza.

Lakini hata redio hiyo ya wenye nchi ilipata kuwapa wageni nafasi. Wenye umri mkubwa watakumbuka kwamba katika miaka ya vita vya ukombozi mitambo ya Dar es Salaam ilirusha vipindi vya FRELIMO kwa Kireno na kwa lugha za Msumbiji. Wapigania uhuru wa Afrika Kusini, Zimbabwe na Namibia nao walipewa saa zao. Mtanzania wa kawaida hakuelewa hata neno moja, na hakuna aliyesema kwamba nchi imeuzwa. Tulifahamu kuwa mtu aliyefukuzwa kwao anahitaji mahali pa kulaza mwili, na anahitaji pia njia ya kupeleka na kupokea neno.

Sasa twende kwenye miaka ya tisini. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi, aliyechaguliwa Juni ya mwaka ule ule, aliuawa na wanajeshi. Warundi kwa maelfu wakavuka mpaka kuingia kwetu. Kabla hatujapumua, tarehe 6 Aprili 1994 ndege iliyowabeba marais wawili, Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Cyprien Ntaryamira wa Burundi, ilitunguliwa Kigali, na mauaji ya kimbari yakaanza. Mwishoni mwa mwezi huo, tarehe 28 na 29 Aprili, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa siku moja tu. Mji mzima, mkubwa kuliko Kigoma-Ujiji ya wakati ule, ulihama usiku na mchana kwa miguu. Kambi ya Benaco ikaota pale kama uyoga.

Watu wale walikuja na sufuria, magodoro na watoto mgongoni. Wengi walikuja na redio pia. Na tusisahau masikio yao yalikuwa yamesikia nini. Tangu Julai 1993, redio iliyoitwa RTLM ilikuwa ikiwaambia Wanyarwanda kwa lugha yao tamu, kwa muziki na kwa mzaha, kwamba jirani yao ni mende. Aprili ilipofika, ikawaambia mende hao wako wapi. Miongoni mwa waliovuka Rusumo walikuwamo waliokimbia kifo na waliokimbia mikono yao wenyewe, na wote walilala chini ya turubai za rangi moja.

Kambi ya namna ile haina gazeti wala mbao za matangazo zinazosomwa na wote. Kuna uvumi. Uvumi kwamba dawa ya chanjo ni sumu. Uvumi kwamba anayerudi nyumbani huchinjwa mpakani. Mwingine ulikuwa wa kweli, mwingine wa uongo, na mwingine ulitungwa makusudi na wakubwa wa zamani waliotaka watu wabaki kambini ili wapate wa kuwatawala. Mkimbizi atapambanua vipi? Taarifa za wakubwa zilikuwa kwa Kiingereza na Kifaransa, na Kiswahili wengi wao hawakukijua.

Ndipo mwaka 1995 Shirika la Kijesuiti la Kuhudumia Wakimbizi likaanzisha pale Ngara redio ndogo na kuiita Radio Kwizera. Muha hahitaji mkalimani kwa jina hilo. Kwizera ni kuwa na tumaini, ni kuamini. Ilitangaza kwa lugha za wakimbizi na kwa Kiswahili. Wala haikuwa peke yake katika kazi hiyo. Idhaa ya BBC ya Kinyarwanda na Kirundi ilianza mwaka 1994 kwa jina la Gahuzamiryango, yaani mkutanishaji wa familia, na kweli kazi yake ya kwanza ilikuwa kusoma majina ya watu waliopotezana. Ng'ambo ya ziwa, mjini Bukavu, Radio Agatashya ilitangaza kuanzia Agosti 1994 hadi vita vilipoifikia mwaka 1996. Agatashya ni mbayuwayu, ndege anayeondoka na kurudi. Na Bujumbura mwaka 1996 ikaanzishwa Radio Umwizero, jina lenye mzizi ule ule wa tumaini. Ukanda wetu wa Maziwa Makuu, uliokuwa umeionyesha dunia jinsi redio inavyoua, ukawa sasa ndio unaojaribu kuonyesha jinsi inavyoponya.

Ilitangaza nini redio hiyo ya Ngara? Usitegemee mambo makubwa. Siku ya mgao. Chanjo ya watoto. Namna ya kuchemsha maji kipindupindu kisiingie. Kuni: wapi pa kukata na wapi pasikatwe, maana mwenyeji alikuwa ameanza kununa akiona milima yake inabaki kipara. Nyimbo za kwao na mazungumzo ya amani. Na kwa kuwa mitambo haichagui sikio, Watanzania wa Ngara nao wakaanza kusikiliza. Tukumbuke kwamba sisi wa mipakani Radio Tanzania ilitufikia kwa mikwaruzo ya masafa mafupi, wakati redio za Kigali na Bujumbura zilitufikia safi kama mtu amekaa jikoni. Kwa mwenyeji wa Ngara, hii ilikuwa redio ya kwanza kutaja jina la kijiji chake.

Desemba 1996 serikali yetu pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi walitangaza kwamba Wanyarwanda wote warejee kwao kabla ya mwaka kwisha. Watu kama nusu milioni wakaondoka katika wiki chache, wengine kwa hiari na wengine wakisukumwa na askari. Kambi za Ngara zikabaki majivu na mashimo ya vyoo. Mtu angedhani redio iliyojengwa kwa ajili ya wageni ingefungasha nao virago. Haikufungasha. Warundi walikuwa bado wapo na wengine walikuwa wanazidi kuja, na wenyeji hawakutaka tena kuishi bila redio hiyo. Ilizaliwa kwa ajili ya mgeni, ikakuzwa na mwenyeji.

Hapa naomba niingize ya kwangu kidogo.

Nimezaliwa katika kijiji kimoja cha wilaya ya Kibondo. Katika utoto wangu pale kijijini palikuwa na mwanamume wa Kirundi tuliyemwita Shemeji, wakubwa kwa watoto, kwa sababu alimwoa ndugu ya mama yangu. Alikuwa amekuja na wimbi la mwaka 1972. Kwa miaka ishirini na mitano alilima, alizaa, alizika na kuchangia harusi kama mtu mwingine yeyote. Mwishoni mwa mwaka 1997 ilifanyika operesheni ya kuwakusanya Warundi wote waliokuwa wakiishi vijijini mkoani Kigoma na kuwapeleka makambini, waliokuja jana na waliokuja kabla sijazaliwa. Shemeji alichukuliwa akiwa shambani. Mke wake, mama yangu mdogo, alibaki na watoto wanne na jembe la mumewe limesimama ardhini pale pale alipoliacha.

Kambi haikuwa mbali kwa baiskeli, lakini mkimbizi hakuruhusiwa kutoka zaidi ya kilomita nne. Basi mama mdogo akawa anakuja kwetu kila jioni kusikiliza redio ya baba. Betri zikichoka tulizianika juani. Radio Kwizera kwetu ilishika kwa shida. Ilibidi tupande na redio hadi kwenye kichuguu nyuma ya nyumba, tufunge waya wa shaba kwenye mti, kisha mmoja wetu asimame ameushika. Mara nyingi huyo mmoja alikuwa mimi. Hayo ndiyo mafunzo yangu ya kwanza ya utangazaji. Ya stashahada yalifuata baadaye sana.

Mama mdogo hakuwa akitafuta habari za dunia. Alitaka kusikia kile ambacho mumewe naye alikuwa akikisikia saa ile ile, kwa lugha ile ile, upande wa pili. Jioni moja mtangazaji akasema kwamba mgao wa chakula kambini utapunguzwa. Mama mdogo aliinuka hata bila kuaga. Asubuhi tuliamka tukakuta mihogo mikavu na maharage yamefungwa kwenye baiskeli, nikaambiwa nimsindikize. Tulikaa ukingoni mwa eneo la kambi hadi mchana ndipo Shemeji akatokea, amekonda. Alipouona mzigo akashangaa: "Mmejuaje?" Mama mdogo akamjibu, "Redio yako imetuambia."

Redio yako! Redio ilikuwa ya baba yangu, betri tulinunua sisi, na waya niliushika mimi. Lakini mama mdogo alisema kweli. Redio si ya mwenye kuinunua, wala ya mwenye mitambo. Ni ya yule inayesema naye.

Jambo hili si la Maziwa Makuu peke yake. Ziwa letu lilipata kusikia Kihispania mwaka 1965, Che Guevara na Wakuba wenzake walipolivuka kutoka Kigoma kwenda kupigana Kongo, wakarudi njia hiyo hiyo mwezi Novemba wakiwa wameshindwa. Lakini Kihispania ninachotaka kukisimulia ni cha kwingine, cha Los Angeles, Marekani, katika miaka ya ishirini ya karne iliyopita. Mji ule ulikuwa umejaa vibarua kutoka Mexico, na redio zote zilikuwa za Kiingereza. Mtu mmoja, Pedro J. González, aliyekuwa mpeleka simu wa jeshi la Pancho Villa, akapata nafasi katika kituo kimoja kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili alfajiri, muda ambao matajiri wamelala na hakuna anayetaka kuununua. Yeye aliona ni muda wa dhahabu, kwa kuwa ndio vibarua wanaamka. Kundi lake likaitwa Los Madrugadores, yaani waamkaji wa alfajiri. Waliimba, walitania, walitangaza kazi.

Kisha ukaja mdororo wa uchumi wa mwaka 1929. Wenyeji wakasema wageni wanakula kazi zetu. Wamexico kwa mamia ya maelfu wakapakiwa kwenye matreni kurudishwa Mexico, wakiwamo watoto waliozaliwa Marekani na kuwa raia halali wa nchi hiyo. González alilipinga jambo hilo hewani. Mwaka 1934 alikamatwa kwa shitaka la ubakaji, akahukumiwa kifungo cha miaka hamsini, ingawa msichana aliyemshitaki alikuja kukiri kwamba alisema uongo. Alitoka mwaka 1940 akafukuzwa nchini, na huko Mexico akarudi redioni. Miaka sita baadaye, 1946, mjini San Antonio, Texas, Raoul Cortez akafungua KCOR, kituo kilichomilikiwa na mtu wa asili yao na kutangaza Kihispania mchana kutwa. Leo Marekani ina vituo vya Kihispania kwa mamia, na Marekani haijavunjika kwa sababu ya redio hizo.

Najua kuna msikilizaji ambaye amekwisha inua kidole. Atasema: wewe mwenyewe umetaja RTLM. Si ilisema lugha ya watu? Si ndiyo hatari ya kuruhusu lugha ambazo dola haizielewi?

Hoja hiyo ni nzito na inastahili jibu. Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa kwetu Arusha ilitoa hukumu tarehe 3 Desemba 2003 dhidi ya watu watatu: wawili kwa kazi yao katika RTLM na wa tatu kwa gazeti lake. Rufani ya mwaka 2007 iliwapunguzia adhabu, lakini wote walibaki na hatia. Nawaomba wasomaji wa magazeti walitazame hilo: mmoja kati ya watatu alikuwa mtu wa gazeti. Kwa hiyo sumu haiko kwenye mitambo wala kwenye lugha. Kinyarwanda kile kile kilichotumika kusema "mende" ndicho kilichotumika katika Gahuzamiryango kusoma majina ya watoto waliopotea. Hatari ya RTLM ilikuwa kwamba kwa mwaka mzima ilisema na watu kwa lugha yao, na sauti za karibu, za lugha hiyo hiyo, za kuijibu hazikuwa na nguvu ya kutosha. Ukiliacha shamba bila kulipanda, usishangae kuvuna magugu.

Nami sina mikono misafi katika jambo hili.

Aprili 2015 Rais Pierre Nkurunziza alitangaza kugombea kipindi cha tatu, na Burundi ikawaka upya. Tarehe 13 na 14 Mei, katika jaribio la kumpindua, redio binafsi za Bujumbura zilishambuliwa na kuteketezwa: RPA, Bonesha, Isanganiro, na Renaissance pamoja na televisheni yake. Katika siku mbili Warundi walibaki bila redio huru ya kuwaeleza nini kinatokea. Wakati huo huo makumi ya maelfu walikuwa wamejazana katika kijiji cha Kagunga, kwenye kipande chembamba cha ufukwe kati ya ziwa na mlima, kipindupindu kikiwa kimeingia. Meli yetu kongwe, MV Liemba, ikafanya safari baada ya safari, ikibeba kama watu 600 kila mara kuwaleta Kigoma. Walipokelewa Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha wakapelekwa Nyarugusu.

Nilikwenda pale uwanjani na kinasa sauti. Mama mmoja aliyekuwa ameketi chini karibu na goli alinishika suruali. Alizungumza Kirundi dakika nne bila kupumzika. Alipotezana na watoto wake wawili katika msukumano wa kupanda mitumbwi kule Kagunga. Alitaja majina yao, umri wao, jina la mlima wanakotoka, na nguo walizovaa. Alitaja mara tatu, kila mara akiniangalia kama nimeandika. Mimi Muha nilielewa kila neno.

Jioni nilitoa habari yangu. Nilikata sauti ya mama yule yote. Badala yake nilisema kwa Kiswahili changu safi: "Mama mmoja ameeleza jinsi alivyopotezana na watoto wake." Sekunde saba hivi. Nilijitetea kwa kanuni: kanuni za utangazaji nchini zilitaka Kiswahili au Kiingereza, na lugha nyingine zilihitaji idhini. Nilijitetea kwa muda: habari ilikuwa na dakika mbili. Lakini fikirini pamoja nami. Kama watoto wale walikuwa mahali penye redio usiku ule, Kagunga au melini au kambini, walisikia sauti ya mwanamume asiyemjua mtu, akisema lugha wasiyoijua, habari za "mama mmoja". Sauti ya mama yao ilikuwa mfukoni mwangu.

Siku ya tatu nilirudi uwanjani. Alikwisha kupelekwa. Sauti yake ninayo hadi leo, sijaifuta.

Kwa hiyo, mzee wangu wa Ujiji, jibu langu ni hili. Kijana wako wa maandazi atasikia redio ya kwao utake usitake. Baada ya redio za Bujumbura kuchomwa, watangazaji wao waliokimbilia nje walianza kutuma vipindi kwa simu, navyo vikapita mipaka yote bila kugonga mhuri. Wakati wa kichuguu na waya wa shaba umepita. Swali la kama Mrundi atasikia Kirundi hapa Kigoma limekwisha kujibiwa na simu. Swali lililobaki ni kama katika sauti hizo anazozisikia itakuwamo hata moja ya kwetu.

Maana kuna mambo ambayo redio ya Bujumbura haiwezi kumwambia wala redio ya ughaibuni haitayajua. Chanjo ya kipindupindu inatolewa wapi hapa Kigoma? Kibali cha kukaa kinapatikanaje, na nani asimpe hela? Na kubwa kuliko yote ni habari ya kurudi. Tangu Septemba 2017 Warundi zaidi ya laki moja wamerejeshwa kwao kutoka makambini kwetu. Mtu anapoamua kubeba watoto na kurudi kwenye nchi aliyoikimbia, au kuamua kubaki, hicho ni kiapo cha maisha. Ana haki ya kukila akiwa na habari mkononi: shamba lake lina nani sasa, shule ipo, waliotangulia wamepokewaje. Bila habari anaamua kwa uvumi, na uvumi tumeuona ulikotufikisha.

Sidai redio mpya, wala sidai Kiswahili kishushwe kwenye kiti chake. Naomba nusu saa kwa siku. Redio zetu za Kigoma ziombe idhini, na wenye mamlaka waitoe. Kirundi kisomwe na Mtanzania aliyesomea kazi, na Waha wenye uwezo huo tunao tele. Habari ile ile isomwe mara ya pili kwa Kiswahili, ili mwenyeji asikie kinachosemwa na asibaki na shaka. Anayekosea awajibike kwa sheria kama mtangazaji mwingine yeyote. Na dakika tano za mwisho ziwe za majina ya waliopotezana, kwa sauti za wenyewe.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe tumewapa miaka mingi. Wamelima Kibondo, wamelima Kasulu, na mihogo yao tumekula. Shemeji alipewa jembe akalishika kwa miaka ishirini na mitano. Kitu ambacho hakupewa ni mahali pa kusema, siku alipochukuliwa, kwamba yeye ni nani na nyumba yake iko wapi.

Nilimwambia mzee afanye jambo moja tu: amwombe kijana aongeze sauti kidogo, kisha amsimulie mkewe kwa Kiswahili yaliyosemwa. Jana tumekutana tena. Hakusema kama bado ameudhika. Alinishika mkono ule ule na kuniambia, "Mwanangu, leo wametaja watu wanaotafutwa na ndugu zao. Mmoja yuko Kibirizi, namjua. Nimempeleka kijana akamwite."

Ndugu msikilizaji, tukijaliwa, tukutane juma lijalo.